Nyumba Mbili, Vivuli Vitatu

Nianze kwa kukubali kwamba aibu hii niliitafuta mwenyewe, hakuna aliyenisukuma, na ninaiandika kwa sababu nikiambiwa niisimulie kwa mdomo nitafika katikati nianze kuangalia viatu. Hapa Mpanda mjini wengi mmeshaisikia vipande vipande, na kila aliyeipokea ameiongezea chumvi yake, mpaka kuna dereva bajaji mmoja anawaambia abiria kwamba nilikimbizwa kwa mkuki hadi relini. Hakukuwa na mkuki. Ilikuwa fimbo ya kuchungia, na mzee aliyeishika hakuinyanyua (afadhali angeinyanyua, nisingekuwa nakumbuka macho yake). Kwa hiyo nyie tulieni niwape yenyewe, taratibu, maana mimi hata kuandika naandika taratibu.

Naitwa Nestori, nimeishia darasa la saba, na kazi yangu ni kutoa fotokopi kwenye steshenari ya Kaka Edsoni karibu na soko. Ni kazi inayonifaa kwa sababu mteja anakupa karatasi, unampa karatasi, hamna maneno mengi. Sasa pale dukani kuna kompyuta ya pili, ile ya nyuma, na mwanachuo mmoja aliyekuja mjini kwa mafunzo ya vitendo alituwekea ndani yake programu ya kuchorea nyumba, ile ambayo nyumba inasimama kwenye kioo na unaizunguka kama vile unatembea. Alipoondoka akaiacha. Mimi nikaanza kuigusa wakati hakuna wateja, nikajifunza kwa video za kwenye simu, na video zenyewe zilikuwa za lugha nisizozijua, kwa hiyo sauti nilizima nikawa naangalia mkono tu: bonyeza hapa, vuta pale. Maneno yote ya kwenye programu ni ya Kiingereza na Kiingereza changu ni cha kumsalimia mwalimu, basi vitufe nikavijua kwa sura zake. Kile chenye ndoo ni cha rangi. Kile chenye jua ni cha jua. Kile chenye jicho, ukilifumba kitu kinapotea, ukilifumbua kinarudi.

Nilichora nyumba nyingi sana. Nyumba za bati la msauzi, lile la migongo mipana, nyumba za kuficha bati nyuma ya ukuta, nyumba ya mama yangu aliyefariki ikiwa na baraza aliyokuwa anaitamani. Zote zimeishia kwenye kompyuta. Watu walikuwa wananiita injinia kwa utani na mimi nilikuwa nacheka, lakini moyoni nilitaka kitu kimoja tu duniani: nyumba niliyoichora mimi isimame juu ya udongo, mtu afungue mlango aingie.

Ndipo akaja Mzee Shigela kutoa fotokopi ya kibali cha kusafirishia ng'ombe.

Mzee Shigela ni Msukuma, mrefu, ana ng'ombe wengi na mashamba ya mpunga kule Usevya, ila makazi yake yako pembezoni mwa Misunkumilo, ambako nyumba za mji zinaisha na mahindi yanaanza. Akaona kioo cha kompyuta ya nyuma.

"Hiyo nyumba iko wapi?"

"Haipo, mzee."

"Haipo na mimi naiona?"

Nikajibu kitu ambacho hata mimi sikukisikia. Kaka Edsoni akadakia (yeye anaongea kwa niaba ya duka zima), akamwambia huyu kijana wetu ni fundi wa ramani, anachora nyumba mpaka unaona na kivuli chake. Mzee akavuta kiti. Akasema ana wake wawili, wote wanakaa kwenye nyumba za zamani za tope, na mvua iliyopita ukuta mmoja umelala chini, kwa hiyo anataka kujenga nyumba mbili za tofali za kuchoma, moja ya Mama Kabula, mke mkubwa, na moja ya Mama Neema, mke mdogo.

"Ziwe sawa," akasema. "Si karibu na sawa. Sawa. Dirisha likizidi huku kwa kidole, mimi nitalala zizini. Na choo kitakuwa nje kama siku zote. Choo na ugali haviwezi kulala chini ya bati moja."

Alipoondoka Kaka Edsoni akanishika bega. "Nestori, ukimfurahisha huyu mzee naweka ubao hapo nje, tunachora ramani. Ukinivurugia, programu naifuta na unarudi kwenye fotokopi mpaka uzeeke."

Kwa hiyo mnaona nilivyokuwa nimesimama.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Ile programu ina namna ya kunakili ambayo nakala inabaki imeshikana na ile ya kwanza kama mapacha wa tumbo moja. Ukipanua dirisha kwenye nyumba hii, na ile inapanuka yenyewe. Nikaona ni muujiza ulioletwa kwa ajili ya Mzee Shigela. Nikachora nyumba moja, nikainakili, nikaziweka ubavu kwa ubavu zikitazama barabara, na nyuma yake nikaacha uwanja mkubwa, halafu mwisho kabisa, upande wa magharibi, kisima. Usawa wa namna hiyo hata mahakama haiwezi.

Jumatatu nikaenda kupima kiwanja kwa tepu. Mama Neema akaja kunishikia upande wa pili. Ni mama kijana, mcheshi, aliwahi kukaa Tabora kwa dada yake, na huko ndiko alikoona choo cha ndani.

"Injinia," akaninong'oneza tukiwa tumeinama, "niwekee choo ndani. Mtoto mdogo ninaye, mvua ikinyesha natoka na mwavuli na mtoto na ndoo, nina mikono mingapi? Weka pale pembeni ya chumba, baba Neema akija kugundua tofali zimeshapanda. Ila mwenzangu asijue."

Mtu mwingine angesema hapana, mama, ongea na mzee. Mimi nikatikisa kichwa, na kichwa changu kikitikisika huwa kinaenda juu na chini tu, hakijui upande mwingine.

Nilipofika kwenye kisima akanifuata Mama Kabula. Yeye ni mtu mzima, mnene kidogo, anaongea polepole, lakini akiongea unasimama.

"Mwanangu, umekula?"

"Nimekula, mama."

"Muongo. Sikiliza. Jikoni kwangu toboa mlango wa nyuma. Sebuleni kuna wanaume kumi kutwa nzima wanaongea habari za ng'ombe, na mimi kila nikitaka maji napita katikati yao na ndoo kichwani kama naonyesha mavazi. Mzee amesema milango miwili inatosha. Wewe weka wa tatu. Mdogo wangu yule usimwambie, atautaka na yeye."

Kichwa kikaenda juu na chini.

Nikarudi dukani nikaweka choo kwenye nyumba ya Mama Neema, na papo hapo kikatokea na kwa Mama Kabula. Nikaweka mlango wa nyuma kwa Mama Kabula, ukatokea na kwa Mama Neema. Nikawaza, sasa kuna ubaya gani? Mzee anataka usawa na huu ni usawa. Choo kiko ndani, bati limefunika, hakionekani kwa nje. Mlango uko nyuma, nikionyesha mbele tu hauonekani. Nikajipongeza mwenyewe (hapo ndipo mngenipiga kofi, lakini hamkuwepo).

Jumatano Mzee Shigela akaja dukani peke yake. Akatazama nyumba zake mbili, akaridhika, akakohoa, akasogeza kiti mpaka magoti yetu yakagusana.

"Kijana. Pale karibu na kisima, weka ya tatu. Sawa na hizi."

"Ya tatu, mzee?"

"Nataka nione itakavyokaa. Ila siku ya kuonyesha familia isionekane. Hiyo mashine yako inaweza kuficha nyumba?"

Na mimi, ambaye sijawahi kujisifia hata mara moja tangu nizaliwe, ambaye shuleni nilikuwa nikijua jibu nanyamaza, sijui nini kilinipanda kichwani siku ile.

"Inaweza," nikasema.

Neno moja. Nikanakili nyumba ya tatu, nikaiweka pale kisimani, nikaenda kwenye alama ya jicho, nikalifumba. Nyumba ikapotea. Mzee akacheka mpaka akapiga paja. "Hii ni dawa," akasema. Pembeni ya lile jicho kulikuwa na vialama vingine vidogo na maneno ya Kiingereza ambayo sikuyajua. Sikuyagusa. Sikumuuliza mtu.

Jumapili saa nane mchana tukaenda Misunkumilo, mimi na Kaka Edsoni aliyevaa shati jeupe kama ni yeye anaoa. Nilidhani nitawakuta mzee na wake zake. Nikakuta watu thelathini. Kulikuwa na majirani, wazee wa ukoo, mafundi ujenzi wawili, na kwenye kiti cha mbele kabisa Shangazi Milembe, dada mkubwa wa mzee, bibi mkavu ambaye hata mzee akiongea naye anavua kofia. Tivii ilikuwa imetolewa sebuleni ikawekwa barazani juu ya meza yenye kitambaa, wamening'iniza mkeka kuzuia mwanga. Nikachomeka waya. Nikakosa tundu mara tatu, na sauti moja nyuma ikasema, "Injinia anatafuta mlango."

Nyumba zikatokea. Jamani, zilipendeza. Tofali nyekundu, bati la kijani, madirisha makubwa, na barabara nimeiweka na vumbi lake. Watu wote wakapiga makofi, na Shangazi Milembe akauliza kama hizo nyumba zimeshajengwa au bado. Mzee Shigela akasimama katikati, fimbo begani.

"Mnaona? Nani anasema Shigela anapendelea? Hesabuni madirisha!"

Wakahesabu kweli. Wazee wawili walinyanyuka wakahesabu kwa vidole mpaka kwenye kioo. Sawa. Kaka Edsoni akanikonyeza na mimi, kwa mara ya kwanza mbele za watu, nikatabasamu na meno.

Hapo ningezima. Kitu kidogo tu, kuchomoa waya, basi, mpaka leo ningekuwa na ubao wangu pale nje.

Mama Kabula akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Mwanangu, mimi sijui kusoma ila nina swali. Nyumba hizi ni ndefu. Nitaanika wapi mpunga wangu? Uwanja wa nyuma, jioni utakuwa na jua au nyumba zimelikata?"

Lilikuwa swali zuri kuliko maswali yote niliyowahi kuulizwa. Na mimi jibu nilikuwa nalo, kwa sababu ile programu ukiipa mahali ulipo inajua jua litapita wapi saa ngapi, na Mpanda nilishaiingiza kwa shida siku mbili nzima. Nikasahau aibu. Nikainua picha tukaangalia kutoka juu kama ndege, mapaa mawili na uwanja wote, nikabonyeza alama ya jua.

"Saa nne asubuhi," nikasema, na nikaisikia sauti yangu ikiwafikia mpaka watu wa nyuma. "Vivuli vinalala huku. Saa sita, vinaingia chini ya nyumba. Sasa nawapeleka saa kumi jioni."

Nikavuta. Vivuli vikageuka, vikaanza kurefuka kuelekea mashariki. Watu wakasema "aaa" kwa pamoja. Kivuli cha nyumba ya Mama Kabula kikaenda barabarani. Cha Mama Neema kikaenda barabarani. Na pale karibu na kisima, mahali palipokuwa na udongo mtupu, kikatoka kivuli cha tatu, polepole, kikajinyoosha kikalala katikati ya uwanja wa kuanika.

Mimi nilikiona wa kwanza. Lile jicho nililolifumba lilikuwa jicho la mtu. Jua hakuna aliyelifumba. Nyumba haikuonekana lakini kwa jua ilikuwepo.

Nikasema moyoni labda hawataona. Mama Kabula, mtu aliyeanika mpunga maisha yake yote, nikasema labda hataona kivuli.

"Simama hapo hapo," akasema.

Nikasimama.

"Hicho ni nini kwenye uwanja wangu?"

"Ni kivuli, mama."

"Kivuli naona. Cha nini?"

"Cha... mti."

"Mti gani wa pembe nne?" akauliza fundi mmoja, kwa nia njema kabisa, alitaka kujua.

"Tena una paa," akasema mwingine. "Angalia ncha ile. Ni sawasawa na hizi mbili."

Mama Kabula alinyanyuka akasogea mpaka kwenye tivii, akaweka kidole. "Nyumba moja, kivuli. Nyumba mbili, kivuli. Hapa hakuna nyumba, kivuli." Akageuka kwa mume wake. "Baba Kabula. Nyumba mbili, vivuli vitatu. Mimi sikusoma, hebu nisaidie kuhesabu."

"Hiyo mashine ina wadudu," mzee akasema haraka. "Kijana, zima."

Nilitaka kuzima. Naapa nilitaka kuzima. Lakini nikiwa na hofu vidole vyangu huwa vinaenda vinakokujua, na vilikokujua ni kwenye jicho. Nikalifumbua. Nyumba ya tatu ikatokea papo hapo pale kisimani, tofali nyekundu, bati la kijani, inang'aa, mpya kabisa.

"Mayu!" akapiga kelele mama mmoja nyuma, akimwita mama yake kwa Kisukuma.

Nikashtuka, mausi ikanitoka mkononi, nikaidaka, na katika kuidaka nikaisukuma, na picha ikashuka kama ndege aliyepigwa manati, ikapita kwenye bati la ile nyumba ya tatu, ikaingia ndani, ikatulia. Watu thelathini, pamoja na Shangazi Milembe, tukawa tunatazama sinki la choo. La kukaa. Jeupe. Nilikuwa nimeliwekea na maji ya bluu, kwa urembo.

Kuku mmoja akapita.

Halafu Mama Neema akasimama na mtoto mgongoni. "Choo changu! Choo changu amepewa nani?"

"Choo chako?" akauliza Mama Kabula. "Wewe ulikuwa na choo?"

"Niliomba kwa huyu injinia, kwa siri, na nikaambiwa..." (sikumwambia kitu, nilitikisa kichwa tu) "...na sasa nakikuta kwa mtu mwingine! Na ule mlango wa nyuma unaoonekana kule jikoni ni wa nini?"

"Ule ni mlango wangu," akasema Mama Kabula, na mara akajua ameshasema.

Wale wake wawili wakaangaliana. Nilidhani watashikana. Badala yake wakageuka wote pamoja, polepole, wakamtazama mume wao, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

"Mimi nimekuomba choo miaka mitatu," Mama Neema akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Ukasema choo hakikai na ugali. Huyu wa kisimani yeye hali ugali?"

"Sikuweka choo!" mzee akasema. "Mimi sikuagiza choo hata kimoja!"

"Kwa hiyo uliagiza nyumba," akasema Shangazi Milembe.

Ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu kivuli kionekane. Mzee Shigela akavua kofia. Akanitazama mimi, na nilielewa anachoniomba: sema ni kosa lako, kijana, sema mashine imekosea. Nilikuwa naweza. Ingekuwa aibu yangu peke yangu, na aibu mimi nimeizoea. Pengine nyumba zangu zingejengwa. Mama Kabula naye akanitazama.

"Mwanangu, hii hukujichorea. Uliambiwa uichore?"

Nilitaka kusema nilijichorea. Lakini kichwa changu hiki, kichwa cha laana, kikaenda juu na chini.

"Aliambiwa," wakasema watu.

"Ni ya nani, Shigela?" akauliza Shangazi.

Mzee akaigeuza kofia mkononi. "Bado sijaongea na wazee wake," akasema.

Sijui kama mmewahi kusikia watu thelathini wakivuta pumzi kwa wakati mmoja. Mama Kabula alikaa chini, si kwenye kiti, chini kwenye udongo, miguu ameinyoosha, na Mama Neema akaenda akakaa pembeni yake, akamlaza mtoto kwenye mapaja ya mwenzake. Mzee akachukua fimbo yake akaja upande wangu. Alisimama mbele yangu kidogo. Macho yake hayakuwa ya hasira, yalikuwa ya mtu aliyevuliwa nguo. Halafu akaenda kwa ng'ombe wake.

Mimi nikachukua kompyuta nikaondoka na waya wa tivii ukiburuzika nyuma yangu na tivii ikitaka kunifuata, mpaka fundi mmoja akaikamata. Nilitembea kwa mguu mpaka mjini. Kaka Edsoni alipita na bajaji, hakusimama.

Kesho yake aliifuta ile programu mbele yangu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Fotokopi, Nestori," na mimi nikaenda kwenye fotokopi. Baba yangu aliposikia aliniuliza kitu kimoja: kwa nini hukusema hapana mara ya kwanza? Nikatikisa kichwa, juu na chini.

Siku kumi zikapita. Siku ya kumi na moja bodaboda moja ikasimama nje ya duka imebeba mshikaki, dereva mbele, Mama Neema katikati, Mama Kabula nyuma, mtoto amebanwa sijui wapi. Nikajificha nyuma ya mashine. Nilijua wamekuja kunipiga.

"Toka, injinia," akasema Mama Neema. "Mashine yenyewe fupi, tunakuona."

Nikatoka. Mama Kabula akakaa kwenye kile kiti alichokaliaga mzee.

"Tumekaa kikao," akasema. "Shangazi, ndugu zake wote, na sisi. Mtu aliyemnyima mke wake choo akakutwa na uwezo wa nyumba nzima, huyo hana cha kujitetea. Kwa yule binti hataenda, ng'ombe wa mahari hawatoki zizini. Sasa tunataka karatasi. Nyumba zote tatu, na vyoo vyake, na milango yake."

"Tatu, mama?"

"Tatu. Mzee alishasema mbele za watu kwamba anaitaka, basi ijengwe. Atakuja kukaa mama yangu kutoka Usevya."

Kaka Edsoni aliweka mkono mdomoni. Nyie mnaojua mambo ya ukwe hamhitaji kuelezwa, lakini kwa asiyejua: kwa watu kama Mzee Shigela, mkwe wako mwanamke humkaribii hovyo, humpiti mbele, huketi naye, ukimwona njiani wewe ndiye unayeacha njia. Na huyu anawekwa kisimani, mwisho wa uwanja, kati ya zizi na nyumba zote mbili. Mzee kila akitaka kwenda kwa ng'ombe wake atazunguka kwa kupitia kwenye mahindi.

"Mama, programu imefutwa," nikasema.

"Irudishwe," akasema Mama Kabula, hakumwangalia hata Kaka Edsoni. Ikarudishwa jioni ile ile, kumbe alikuwa ameihifadhi kwenye flashi.

Nikatoa karatasi. Zilichukuliwa na fundi, kwa sababu Mzee Shigela alikubali kila kitu ila kwa sharti moja: mimi nisikanyage kwake. Nisije kupiga kamba za msingi, nisije kwenye kupaua, nisije kula siku ya kuhamia. Na jina langu lisitajwe. Ubao wa nje Kaka Edsoni hajauweka, anasema watu waongee kwanza mpaka wachoke.

Kwa hiyo nyumba zangu tatu zimesimama na mimi sijawahi kuingia hata moja. Mwezi uliopita nilipanda boda kwenda kumpelekea mtu vyeti vyake, nikamwomba dereva apitie njia ya Misunkumilo, nikavuta kofia mpaka machoni. Nikaziona. Tofali nyekundu, bati la kijani. Mama Neema alikuwa anaosha mtoto barazani. Kule nyuma bibi mmoja mnene alikuwa ameketi mlangoni kwake, na mbali, kwenye mahindi, niliona kofia ya mzee ikipita taratibu ikizunguka.

Dereva akapunguza mwendo. "Umeona hizo nyumba? Watu wanakuja kuzipiga picha. Injinia wake atakuwa ametoka Dar."

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Hapakuwa na watu thelathini, ilikuwa mimi na yeye tu na kofia yangu ya pikipiki.

"Labda," nikasema.

Nimeapa vitu viwili tangu siku ile. Sitachora tena nyumba ambayo siwezi kuionyesha mbele ya wote watakaokaa ndani yake, na mtu akianza kusogeza kiti na kushusha sauti mimi nasimama nakwenda kuwasha fotokopi. Cha pili ni kufundisha hiki kichwa kwenda kushoto na kulia. Nafanya mazoezi asubuhi mbele ya kioo cha kunyolea. Bado kizito, lakini kimeanza kugeuka.